Pumzi ya Kwanza ya Injini

Mume wangu alikuwa na pua. Najua kila mtu anayo, lakini nyingi ni za kuwekea miwani tu. Ya kwake ilifanya kazi. Ilitangulia kuingia gerejini asubuhi, yeye akafuata nyuma, na kabla hajavua shati avae ovaroli alishajua gari lipi limelala likivuja mafuta na betri ipi imezidiwa chaji. Wateja walimwita Fundi Pua, mbele yake na nyuma yake, naye alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi wake. Huu ni mwaka wa tatu tangu atangulie. Watu wakija kunijulia hali huniuliza habari za watoto, habari za magoti, na hakuna anayeniuliza habari za ile pua. Basi leo nitaisema bila kuulizwa.

Gereji yetu ilikuwa uwanja wa changarawe wenye ukuta pande tatu, banda la mabati la kufungulia injini, na chumba kimoja chenye dirisha la wavu ambacho ndicho kilikuwa stoo ya spea. Humo nilikaa miaka ishirini na sita, nyuma ya meza iliyotengenezwa kwa mlango wa zamani, nikiwapa watu plagi, boliti na maneno yangu. Maneno sikuyatoza. Mtu akija na gari limekauka oili mpaka injini inalia, halafu ananiuliza mimi kosa liko wapi, simnyamazii. Mume wangu akisikia sauti yangu inapanda huko ndani alikuwa anacheka chini ya gari, unaona miguu tu inatikisika.

Hata kunipata mimi, alinipata kwa pua. Siku alipokuja kwetu mara ya kwanza hakuja kuoa, alikuja kutengeneza pikapu ya baba. Akapita kwenye kibaraza na boksi lake la spana, akasimama, akasema kuelekea dirishani, "Dada, kola inaungua." Nikatazama pasi, kweli, kola ya baba imeshakuwa kahawia. Nilichukia sana siku ile. Wiki iliyofuata, nilipoambiwa fundi anarudi, niliunguza nyingine makusudi.

Kazini alikuwa na utaratibu wake, na usingemtoa kwenye utaratibu huo hata kwa kreni. Gari likiletwa na ugonjwa wa injini, lilikuwa lazima lilale gerejini. Mwenye gari akilalamika anaambiwa vipimo vinachukuliwa asubuhi, mgonjwa hajala. Asubuhi hiyo, injini ikiwa baridi kabisa, mimi nakaa kwenye usukani na ufunguo, yeye anakwenda kuchuchumaa nyuma kwenye bomba la eksozi. Anapiga bodi kwa kiganja mara moja, nawasha. Ule moshi wa kwanza anaukinga mkononi, anausogeza puani, anafumba macho. Aliuita pumzi ya kwanza. Alisema injini ikishapata moto inajifunza kudanganya, lakini pumzi ya kwanza haijawahi kuficha kitu.

Hukumu ilitoka palepale. Akinusa petroli mbichi, kabureta inamwaga. Akinusa oili iliyoungua, ringi zimechoka. Na akinusa utamu, kama sukari inayoanza kuungua sufuriani, hapo aliinuka polepole na kumtafuta mwenye gari kwa macho. Utamu ule ni dawa ya kijani ya rejeta, ile inayochanganywa na maji ya kupoza injini, na dawa ya rejeta haina kazi yoyote kwenye moshi. Maana yake ile gasketi nyembamba inayotenganisha maji na moto ndani ya injini imeungua, na injini itafunguliwa yote.

Mafundi wengine hawakuwa na pua hiyo. Wao wakitaka kujua kama gasketi imeungua walifungua kifuniko cha rejeta, wakawasha injini, wakasubiri kuona kama maji yatatoa mapovu. Mume wangu aliwacheka. "Mapovu ni ya watu wasio na pua," alisema, tena mbele za watu, tena zaidi ya mara moja. Nilikuwa nacheka naye.

Sasa, kulikuwa na Mwalimu. Huyu alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mteja wetu tangu gereji haina hata ukuta, mtu wa shati lililopigwa pasi na kalamu mfukoni. Alikuwa na gari moja dogo la bluu alilolitunza kuliko wengine wanavyotunza wachumba. Kila Jumamosi aliliendesha kuvuka mlima kwenda kumwona dada yake mkubwa, bibi wa miaka themanini na kitu anayeishi peke yake upande wa pili. Mwalimu alikuwa haendi kwa fundi mwingine. Akikuta watu wanabishana kuhusu gari alikuwa anawakatiza: "Fundi Pua kasemaje?" Basi, mjadala umekwisha.

Mwaka huo gari la Mwalimu likaanza kuchemsha. Mjini linatembea vizuri, likianza kupanda mlima mshale wa joto nao unapanda, na kwenye kona ya pili linasimama likitoa mvuke. Mara ya kwanza mume wangu alikuta mkanda wa feni umelegea, akaubadilisha. Likachemsha. Akatoa rejeta, ikaoshwa mpaka maji yakapita kama bomba la mtaani. Likachemsha. Akabadilisha thamostati na pampu ya maji kwa mpigo. Mwalimu akapanda mlima, akasimama kona ya pili. Na kila mara, kabla ya yote, mume wangu alikuwa ameshachuchumaa nyuma na kunusa na kusema, "Gasketi nzima." Akishasema hivyo, hakuna aliyeiangalia tena.

Liliporudi mara ya nne aliliegesha mwenyewe, akaja kusimama mlangoni pa stoo. "Mama," akaniambia, "hili likinishinda nafunga gereji." Nikajua hatanii, kwa sababu alikuwa anafuta mikono na ilikuwa safi.

Na mimi wakati huo nilikuwa nimemnunia. Acha niseme ukweli wote, umri huu nimfiche nani. Miezi mitano ilikuwa imepita mume wangu haniambii neno lolote juu yangu. Zamani akiingia tu nyumbani alikuwa anasema umepika hiki, umetoka kwa fulani, sabuni hii mpya imetoka wapi. Ilikuwa kero, nilikuwa namwambia aoe mbwa wa polisi. Halafu ikakoma ghafla. Nikabadilisha mafuta ya nywele, nikachukua ya karafuu, makali kiasi kwamba wifi yangu alipokuja kututembelea alipiga chafya mlangoni. Mume wangu akakaa ubavuni kwangu, akala, akaaga, akalala. Siku moja maharage yaliungua mpaka jirani akaja kuuliza. Yeye alikuwa amekaa hatua tatu kutoka jikoni anasoma gazeti.

Nilimwambia wifi kwamba kaka yake ana mwanamke. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Kaka yangu? Labda huyo mwanamke awe anachemsha, ndiyo atamwona." Nikajitia kucheka. Usiku sikucheka. Nilijiambia nimechakaa, ananizunguka kama mtu anavyozunguka kabati nyumbani kwake, na uchungu ule sikuwahi kuonja mwingine kama huo.

Asubuhi ya hiyo mara ya nne Mwalimu alifika mapema, akakaa kwenye benchi na daftari lake mapajani. Alikuwa ameandika humo kila safari na kila kona iliyomkwamisha. Mimi nikakaa kwenye usukani, mume wangu akaenda nyuma. Akapiga bodi, nikawasha. Halafu nikasikia, "Gasketi nzima. Nipe kitambaa."

Kwa kawaida kitambaa ningekirusha. Siku hiyo nilishuka nikampelekea, nikiwa bado nimenuna, na nilipozunguka nyuma ya gari upepo ukaugeuza moshi ukanijia usoni. Ulikuwa mtamu. Haukuhitaji fundi. Ulikuwa mtamu kama dawa ya kikohozi ya watoto, ukanishika mpaka kooni.

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa amechuchumaa katikati ya moshi uleule, kiganja bado kipo puani, macho yamefumbwa. Alipoyafumbua akaniona ninavyomwangalia, akatazama chini.

Mdomo wangu hauna breki, kila mtu anajua. Lakini Mwalimu alikuwa kwenye benchi hatua kumi tu, na nilielewa kwamba nikisema neno moja kwa sauti yangu ya kawaida, Fundi Pua ameisha. Nikasema, "Mzee, njoo stoo unitolee boksi, limenishinda." Hakuna boksi lililowahi kunishinda. Akaja.

Nikafunga mlango. Nikachukua chupa ya mafuta ya taa na chupa ya mafuta ya breki, nikaziweka mezani, nikamwambia fumba macho.

"Usinijaribu, Mama," akasema. "Sinusi kitu."

"Tangu lini?"

"Tangu yale mafua."

Yale mafua yalikuwa yamemlaza wiki mbili, miezi mitano kabla. Nilisimama pale nikahesabu, karafuu, maharage, sabuni, yote, na unajua nilichofanya? Nilifurahi. Siwezi kukuficha. Mume wangu ameketi kwenye kreti la betri amekunja mabega, kazi yake imemponyoka, na mimi moyo wangu unasema kumbe hakuniacha, kumbe ni mafua. Nikaona aibu mara hiyohiyo, lakini furaha ilikuwa imeshaingia.

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza.

"Nilidhani itarudi. Kila asubuhi nachuchumaa pale nasema leo itarudi." Akajifuta uso kwa kile kitambaa, kikamwachia alama. "Gasketi imeungua, siyo?"

"Imeungua."

Halafu akaanza kusema haraka haraka, kama mtu anayejadiliana bei. "Sikiliza. Mwalimu akijua, kesho mji wote unajua. Fundi Pua hana pua. Nani ataniletea gari? Tufanye hivi. Uwe unakuja nyuma pamoja nami, unanusa, halafu unakohoa. Mara moja gasketi nzima, mara mbili imeungua."

"Na petroli?"

"Mara tatu."

"Na oili?"

Akafikiri kweli. "Piga chafya."

"Mzee," nikamwambia, "mwaka hautaisha watanipeleka hospitali ya kifua."

Akacheka. Alianza kucheka, na katikati kicheko kikageuka kilio, akaficha uso. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, hata alipomzika mama yake. Nikamshika kichwa nikakiweka tumboni kwangu, na nje tukasikia Mwalimu anafunua kurasa za daftari.

Nilikuwa tayari kukohoa, nasema kweli. Ningekohoa mpaka kaburini. Yeye ndiye aliyeinuka. Akasema, "Amepanda mlima mara tatu kwa neno langu," akafungua mlango, akatoka.

Nilimfuata mpaka kizingitini. Alisimama mbele ya benchi, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. "Mwalimu," akasema, "gasketi ya gari lako imeungua, na nadhani imeungua tangu mwanzo. Mimi sinusi tena. Ni miezi mitano sasa. Nimekuwa nakupa jibu bila kupima."

Mwalimu akafunga daftari. Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza. "Fundi, nimesimama kona ya pili mara tatu na madumu ya maji, dada yangu ameweka kiti mlangoni ananisubiri. Na mara zote tatu nilisema Fundi Pua hawezi kukosea, lazima ni mimi, labda siku hizi sijui tena kubadilisha gia. Nikaanza kujitilia shaka mimi."

"Nisamehe."

"Nitakusamehe, lakini sijafika huko bado." Akalitazama gari lake, akamtazama mume wangu kuanzia viatu kwenda juu. "Macho je?"

"Macho yapo."

"Mikono?"

"Ipo."

"Basi si kuna njia nyingine ya kujua?"

Mume wangu akaitazama boneti. "Ipo. Ya mapovu."

"Ile ya watu wasio na pua," akasema Mwalimu.

"Ndiyo hiyohiyo."

Hakuna aliyecheka. Nikazima injini, tukasubiri ipoe kabisa, karibu saa nzima, watu watatu wazima tumekaa kwenye benchi moja kama tuko msibani. Kisha mume wangu akafungua kifuniko cha rejeta, akajaza maji mpaka mdomoni, akaniomba niwashe na nikanyage mafuta kidogo. Yeye na Mwalimu wakainama pamoja, vichwa vimegusana. Kutoka kwenye usukani sikuona kitu. Nilimsikia Mwalimu tu: "Moja. Lile pale lingine. Fundi, yanakuja mfululizo."

"Nayaona," akasema mume wangu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekubali.

Mwalimu akanyooka, akakung'uta shati. Sasa ndiyo roho yangu ikawa juu, maana pale ndipo angeweza kuomba ufunguo wake akaenda kwa mwingine, na kwa heshima aliyokuwa nayo mjini, wengine wote wangemfuata. Akaja dirishani kwangu. "Shemeji, wewe umenusa?"

"Nimenusa, Mwalimu."

"Basi afungue injini. Lakini akiifunga, anuse shemeji, na mapovu nitahesabu mimi."

Aliifungua siku hiyohiyo. Gasketi ilikuwa imeungua kati ya silinda ya tatu na njia ya maji, pengo dogo kama punje ya dengu. Injini ikiwa ya vuguvugu lilijibana. Ikibeba mzigo mlimani, moto ukapenya kwenye maji, maji yakachemka. Alimwonyesha Mwalimu kwa ncha ya bisibisi, akamweleza yote bila kujitetea. Silinda hedi ikaenda kusawazishwa uso kwa mtu wa mashine, ikarudi, na mume wangu akaifunga mwenyewe, kila boliti kwa zamu yake, hakumwachia mtu.

Habari zilitoka, bila shaka. Mji ule ulikuwa na midomo mingi kuliko magari. Wateja wanne hawakurudi, na mmoja wao bado nikikutana naye simwitikii vizuri. Waliobaki walizoea kuona fundi anachuchumaa nyuma ya gari na mkewe anachuchumaa pembeni yake, naye akimsikiliza mkewe kama wanaume wengi wasivyowasikiliza wake zao. Tulifanya hivyo miaka kumi na moja. Mapovu nayo alikuwa anayatazama, kila gari, kila mara. Siku hizi napita mbele ya gereji za vijana, naona wanachomeka waya chini ya usukani na kusoma kwenye kioo, gari limetoa jibu lenyewe na hakuna aliyechafua magoti. Ni vizuri, sisemi vibaya. Nasimama kidogo tu, halafu naendelea.

Ninachokumbuka zaidi ni Jumamosi ya kulijaribu gari la Mwalimu. Mwalimu aliendesha, mume wangu alikaa kushoto kwake macho yote kwenye mshale wa joto, mimi nyuma na madumu manne ya maji miguuni. Kona ya kwanza, kimya. Kona ya pili, Mwalimu alishika usukani kwa mikono miwili na mimi nilibana pumzi. Mshale ukakaa katikati. Tukapanda mpaka juu kabisa, mahali ambapo barabara inaanza kushuka kuelekea kwa dada yake, na mshale ukakaa katikati.

"Simama hapa," akasema mume wangu.

Tukadhani anataka kufungua boneti. Akashuka, akaenda nyuma. Injini ilikuwa inaunguruma taratibu. Tukasubiri. Dakika zikapita, Mwalimu akaniangalia kwenye kioo, nikashuka.

Nilimkuta amechuchumaa kwenye eksozi, kiganja kipo puani, anavuta pumzi ndefu, anaitoa, anavuta nyingine. Hakuwa anapima kitu. Machozi yalikuwa yanashuka mpaka kwenye ndevu. "Miaka thelathini nakula moshi," akasema bila kunitazama. "Nani angejua kwamba moshi unaweza kutamaniwa."

Nikachuchumaa karibu yake, magoti yakilalamika. Nikaweka kiganja, nikanusa.

"Ukoje?" akauliza.

"Safi."

"Safi siyo jibu. Nieleze vizuri."

Basi nikamweleza. Nikamwambia ni mkavu, hauna utamu, una ukali kidogo wa chuma kipya, na chini ya ukali kuna joto kama la nguo iliyotoka kupigwa pasi. Nikamwambia upande wa kulia kuna mtu amekata nyasi leo, na mvua iko karibu, na kanzu ya Mwalimu ya kubadilisha huko kwenye buti la gari inanuka dawa ya nondo. Nikamwambia ovaroli lake linanuka grisi na jasho, nami mafuta yangu ni karafuu, ni karafuu kwa miezi mitano, mjinga wewe. Alifumba macho, akasikiliza. Mwalimu akapiga honi, akangoja, akapiga tena, na wala hatukuinuka.